Namna ya kupima kama eneo la mafuta na gesi linaweza kuzalisha umeme wa jotoardhi

Maeneo ya mafuta na gesi tayari yana kile ambacho miradi ya jotoardhi hukilipia ghali kuliko vingine: mashimo ya kilomita tatu au nne, pamoja na kumbukumbu za miamba yote waliyoipita wachorongaji. Hata hivyo, visima vingi havifai. Joto peke yake haliamui. Kinachoamua ni wingi wa maji ya moto yanayopanda pamoja na mafuta, na nani anayelipia kuyapandisha. Kwa hiyo anzia kwenye kituo cha kutenganisha mafuta na maji. Visima vilivyofungwa vinaweza kusubiri.

Joto halisi ni lipi?

Kwa wastani ardhi huongezeka joto nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita. Kama juu kuna nyuzi 20, kisima cha kilomita 3.5 kitakuta takriban nyuzi 107 hadi 125 chini. Hayo ni makadirio ya kuanzia tu.

Joto lililoandikwa kwenye kumbukumbu za upimaji mara nyingi liko chini ya joto la kweli, kwa sababu matope ya uchorongaji, yaani majimaji yanayozungushwa kisimani wakati wa kuchoronga, yaliupoza mwamba kabla ya kipimajoto kufika. Tafuta vipimo viwili, au bora vitatu, vya kina kilekile, kila kimoja na saa zilizopita tangu matope yaache kuzunguka. Kisha fanya masahihisho ya Horner: gawanya jumla ya muda wa mzunguko na muda wa kusubiri kwa muda wa kusubiri, chora joto dhidi ya logi (logariti) ya jibu hilo, halafu nyoosha mstari hadi pale logi inapokuwa sifuri.

Pima pia kwenye kichwa cha kisima, na tena maji yanapoingia kituoni. Bomba refu lisilofunikwa, lenye maji yanayokwenda polepole, hupoteza nyuzi nyingi njiani. Mtambo utapokea joto la kituoni, hata kama la chini ni la kupendeza kiasi gani.

Hesabu ya maji

Pipa moja ni lita 159. Tuseme kisima kinatoa mapipa 5,000 ya maji kwa siku: hiyo ni kama lita 9.2 kwa sekunde. Maji yakiingia na nyuzi 100 na kutoka na 70, zidisha 9.2 kwa 4.18 (kilojuli za kupasha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja) kwa 30. Unapata takriban kilowati 1,150 za joto. Maji yenye chumvi nyingi hubeba joto pungufu, basi punguza.

Kwa joto hilo mtambo hugeuza kama asilimia 8 kuwa umeme, yaani kilowati 92. Toa robo kwa feni na pampu za mtambo wenyewe. Zinabaki karibu 70.

Sasa ongeza gharama ya kupandisha. Kuinua lita 9.2 kwa sekunde kutoka kina cha mita 800 kunahitaji kilowati 72, hata kwa pampu isiyopoteza chochote, na pampu kama hiyo haipo. Umeme wote umekwisha. Ndiyo maana jambo hili lina maana pale ambapo mafuta yanalipia pampu, au kisima kinajisukuma chenyewe, na maji ya visima vingi yanakusanyika mahali pamoja.

Mifano iliyofanya kazi inathibitisha hivyo. Mwaka 2008, kwenye uwanja wa majaribio ya mafuta karibu na Casper, Wyoming, mtambo wa kilowati 250 uliwekwa kwa maji ya karibu nyuzi 90, ukisanifiwa kwa mapipa 40,000 kwa siku. Huko Huabei, China, mtambo wa kilowati 400 ulianza mwaka 2011 kwa maji ya nyuzi 110. Mtambo wa Pleasant Bayou huko Texas, mwaka 1989 hadi 1990, ulipata kama megawati moja, lakini maji yake yalikuwa na shinikizo kubwa la asili na gesi ya methani iliyochomwa papo hapo.

Vipi kuhusu kisima kikavu au kilichofungwa?

Mabomba ya visima vya mafuta mara nyingi yana kipenyo cha inchi 5½ au 7, wakati visima vya jotoardhi kwa kawaida hutumia 9⅝. Njia nyembamba, maji machache. Wengine hupendekeza bomba ndani ya bomba, maji yakishuka na kupanda bila kugusa mwamba. Inawezekana kiufundi, ila mwamba hupitisha joto polepole: baada ya miaka kadhaa tarajia takriban wati 100 kwa kila mita ya sehemu ya moto. Hiyo inatosha kupasha majengo. Umeme wake ni wa kilowati chache.

Maji yatafanya nini kwenye mabomba?

Usiagize mtambo kabla ya vipimo vya maabara. Shinikizo likishuka, hewa ya ukaa hutoka na kalisiamu kaboneti huganda kama gamba, kwa hiyo dumisha shinikizo hadi baada ya kibadilisha joto, kifaa ambamo maji hukabidhi joto lake kwa mtambo. Silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, huganda maji yakipozwa mno. Hiyo ndiyo huweka kikomo cha joto la maji yanapotoka mtamboni. Hidrojeni salfaidi na chumvi hula chuma na kukipasua. Mabaki ya mafuta na nta hupaka kuta na kuzuia joto, basi weka kichujio na njia ya kupitishia maji pembeni wakati wa kusafisha. Gamba lenyewe linaweza kuwa na radiamu: lipime mionzi kabla fundi hajalikwangua.

Mtambo na kipoza

Chini ya nyuzi 150, turbini kwa kawaida huendeshwa na kiowevu kinachochemka kwa joto dogo: isobutani, pentani, au gesi ya friji kama R245fa. Mbili za kwanza hushika moto, zingatia umbali na vitambua gesi. Upande wa baridi una uzito sawa na wa moto. Watu hunukuu Chena, Alaska, ambako maji ya nyuzi 74 yanazalisha umeme tangu 2006, wakisahau kwamba huko kuna maji ya kupozea yenye nyuzi chache tu. Kwenye uwanda wa joto, feni za hewa hudhoofika alasiri. Fanya hesabu kwa joto la mchana wa kiangazi.

Jenereta nyingi ndogo zinahitaji gridi iwe hai ndipo zifanye kazi. Uliza mapema. Mteja bora ni pampu za uwanja wenyewe, maana hazihitaji laini mpya ya umeme.

Mwisho, kagua saruji inayozunguka bomba la kisima na unene wa bomba lenyewe, kisha soma leseni. Haki ya kuchukua mafuta haimaanishi haki ya kuuza joto, na atakayekichukua kisima huenda akachukua pia wajibu wa kukiziba.