Jinsi ya kukabidhi shifti kwenye mtambo wa mafuta baharini

Kama ndo umepata kazi kwenye mtambo wa mafuta au gesi baharini, watakufundisha kuvaa boya, kutoka kwenye helikopta iliyozama, kuzima moto, yote sawa, ila mi ningeanza na ile nusu saa ya mchana kuwaachia wa usiku.

Chukua Piper Alpha, mtambo wa mafuta na gesi Bahari ya Kaskazini upande wa Scotland, tarehe 6 Julai 1988. Ulikuwa na pampu mbili, A na B. Mchana mafundi wakatoa valvu ya usalama ya pampu A ikapimwe, pale ilipotoka wakafunika na flenji (kifuniko cha chuma cha kufungwa kwa boliti) ambayo haikukazwa kiasi cha kuzuia gesi. Jioni kazi haijaisha, kibali (karatasi ya ruhusa ya kazi) kikasainiwa, ila wa usiku hawakuambiwa kwa mdomo. Saa nne kasorobo usiku pampu B ikazima ikagoma kuwaka. Jamaa wakaona kibali cha matengenezo ya pampu A, matengenezo yenyewe hayajaanza, wakasema basi tuiwashe hiyo. Kibali cha pili, cha valvu, hawakuwa nacho, maana vibali vilipangwa kwa eneo na vya kazi zilizosimama vilikaa ofisi nyingine kabisa. Wakaiwasha, gesi ikavuja pale kwenye flenji ikalipuka. Wakafa watu 167, wakapona 61. Na usiseme ni uzembe wa watu tu bana, kuwasha ile pampu hata mimi na wewe tungeweza kufanya.

Kwahiyo fanya hivi. Usisaini ukaacha karatasi mezani. Ukimkuta mwenzio yuko bize na simu, kaa subiri, hata kama chakula kinapoa. Mwambie kwa mdomo mtambo gani umefunguliwa, wapi hasa, na kimebaki nini. Halafu (hii watu huiona ya kitoto) mwambie akurudishie kwa maneno yake. Akisema "nimekuelewa kaka" hiyo sio jibu, akisema "pampu A haina valvu, nisiiguse" hapo sawa.

Ukiwa wewe ndo unapokea, usiulize "pampu A ina kibali?" uliza "pampu A ina vibali vingapi?" Swali la kwanza ukipata karatasi moja unaacha kutafuta. Vibali vya mtambo mmoja viandikiane namba, kila kimoja kitaje mwenzake. Na kama mnaweza nendeni wote mkaangalie kwa macho, kile kifuniko cha Piper Alpha kilikuwa juu, mbali na pampu yenyewe, aliyesimama chini hakioni.

Kufuli na tagi (kibandiko cha onyo) viwekwe kwenye swichi ya pampu na ufunguo uwe kwa fundi, sio ofisini. Karatasi inaweza kukaa droo isiyo yake lakini kufuli utaliona tu.

Maelezo ya makabidhiano andika kidogo kidogo kuanzia mchana, usingoje mwisho, baada ya masaa 12 kichwa kinaandika "kazi inaendelea" na hayo maneno hayamsaidii mtu.

Taja pia vilivyozimwa kwa sababu nzuri. Piper Alpha pampu za kuzimia moto ziliwekwa ziwashwe kwa mkono tu, ili wapiga mbizi wasivutwe na maji yanayonyonywa na pampu, sababu ya maana kabisa, ila moto ulipowaka ikabidi mtu azifikie akaziwashe na hakuna aliyefika. Kwahiyo swali lako la mwisho kabla hujaenda kulala: kuna kitu gani humu leo hakitajiwasha chenyewe, na nani anajua?