Jinsi ya kupanga rangi za bendera ya Tanzania bila kuzikosea

Kila ikikaribia 9 Desemba au 26 Aprili watu wanashona vitambaa, wanatunga bangili za shanga, wanachora ukutani, na mimi nafurahi kweli nikiona hivyo, ila kinachoniuma ni kukuta rangi zimekaa sio mahali pake.

Anza na idadi. Rangi ni nne: kijani ni ardhi na uoto wake, njano (wengine tunaita dhahabu) ni madini, nyeusi ni sisi wananchi, bluu ni maji, yaani bahari na maziwa na mito. Inayosahaulika sana ni bluu, na hiyo usiiache kabisa, maana bendera ya Tanganyika ya 1961 ilikuwa na kijani, njano na nyeusi tu, bluu imetoka Zanzibar tulipoungana 1964, kwahiyo ukitunga bangili bila bluu umeutoa Muungano wenyewe, na asiyekujua atadhani umevaa ya Jamaika. Kijani na njano peke yake ndo kabisa, watu watajua ni Yanga au CCM.

Sasa kuichora. Uwiano ni 3 kwa 2, mfano sm 90 kwa sm 60. Mlingoti uwe kushoto, piga mstari wa penseli toka kona ya chini kushoto mpaka kona ya juu kulia, huo ndo katikati ya mkanda mweusi, pima sawasawa huku na huku upate upana wake, alafu kila pembeni weka njano nyembamba. Njano isinenepe ikalingana na nyeusi. Kijani inakaa juu upande wa mlingoti, bluu chini upande wa pili.

Kama unashona, kipande cheusi kikate kirefu kuliko unavyohitaji, kishone kwanza ndo upunguze kwenye kona, ukikikata kamili kona zitabaki wazi. Na kitambaa kikikatwa mshazari kinavutika sana, kwahiyo bana kwa pini za karibu karibu na ukiwa kwenye cherehani usikivute, kiache kiende chenyewe, la sivyo mkanda utapinda katikati.

Kuipandisha ndo watu wanajichanganya, kwasababu bendera hii ukiigeuza juu chini ule mkanda mweusi unabaki umelala vilevile, hauwezi kukwambia kitu! Niliwahi kuona imepepea kutwa nzima bluu ikiwa juu na watu wanapita tu, iliniuma mno. Wewe angalia kijani: iko juu na imegusa mlingoti? Pandisha. Ukizungukia upande wa nyuma utaiona kijani juu kulia na mkanda umelalia upande mwingine, hapo hujakosea, usianze kufumua.