Somo: Kujitolea kambi za msituni Kigoma (soma kwanza ndipo uulize)

Wakuu, swali ni lile lile kila wiki: "Nataka kujitolea kambi za utalii kule Gombe au Mahale, nianzie wapi?" Gombe na Mahale ni hifadhi za sokwe kando ya Ziwa Tanganyika. Naandika mara moja, sirudii.

1. Omba kwa kutaja kazi unayoiweza: useremala, sola, mapishi, ufundi wa injini za boti. "Napenda mazingira" si kazi.

2. Mkubaliane kwa maandishi nani analipa boti, chakula na kiingilio cha hifadhi. Kiingilio huhesabiwa kwa saa 24, si kwa safari. Mwezi mmoja ni viingilio thelathini, kwa hiyo usikubali maneno ya mdomo.

3. Mgeni wa nje ya nchi hajitolei kwa visa ya matembezi. Kibali cha ukaazi cha wanaojitolea ni daraja C.

4. Boti za Gombe hutokea Kibirizi, jirani na Kigoma mjini. Mahale ni mbali zaidi, kusini. Kote huko ndani hakuna barabara, na kiangazi ndicho kizuri, Mei hadi Oktoba.

5. Beba chandarua, tochi ya kichwani, barakoa, na ndoo yenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ni marufuku nchini tangu Juni 2019.

6. Choo. Hapa ndipo wengi wanaharibu, na mgeni hukabidhiwa kazi hii siku ya kwanza. Kambi ziko hatua chache kutoka ziwani, na ziwa hilo hilo ndilo maji ya kunywa, kwa hiyo shimo la kawaida halifai. Kinachojengwa ni choo kikavu cha mboji, chenye vyumba viwili vya kinyesi chini, kimoja kikitumika kingine kimefungwa. Adui yake ni maji. Sisi tumezoea kutawaza, na maji yakishuka chumbani hewa inakwisha, kinyesi kinavunda badala ya kuwa mboji, funza wanajaa, na wageni wanahama meza ya chakula. Weka sehemu ya kutawazia pembeni, yenye bomba lake hadi shimo la kokoto mbali na ufukwe. Mkojo nao uwe na njia yake. Baada ya kila haja kubwa, mwaga kopo la nusu lita la maranda makavu yenye majivu kidogo.

ONYO: Usitumie majivu matupu. Usimwage dawa ya kusafishia vyoo, inaua vijidudu vinavyofanya kazi. Usitupe pedi. Bomba la hewa lifungwe wavu juu. Chumba kikijaa, kifunge mwaka mzima, maana mayai ya minyoo ni sugu. Hata baada ya mwaka, mboji hiyo iende kwenye miche ya miti, si kwenye mchicha.

7. Chakula kifungwe ndani. Nyani wanajua kufungua zipu.

MASWALI

Kasulu: Mkuu, nina mafua kidogo tu. Naweza kwenda, nipige picha na sokwe?
— Hapana. Mafua yetu yanaua sokwe. Hata ukiwa mzima ni barakoa na mita 10. Ukipiga chafya unabaki kambini.

Ujiji: Wanalipa kiasi gani kwa mwezi?
— Soma tena neno la pili la kichwa cha somo.

Urambo: Samahani mkuu, huku maranda yanagombewa na wafuga kuku. Pumba za mpunga zinafaa? Na majivu matupu yana ubaya gani?
— Swali zuri, ndugu. Majivu yanakausha na kupunguza harufu, lakini yakizidi ukali wake unazuia vijidudu, na mwakani unakuta kinyesi kiko vile vile. Pumba zinafaa sana. Zinaoza polepole lakini zinaacha nafasi ya hewa. Changanya makopo manne ya pumba kwa moja la majivu. Kisha tumia pua: harufu kali ya kuchoma macho ni mkojo unaoingia, harufu ya yai viza ni maji. Yote mawili, ongeza pumba, lakini kwanza tafuta yanakopenya.

Kigoma mjini: Simu tunachaji wapi?
— Sola ya kambi, saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Usiku acha betri ipumzike. Za asidi zikishushwa chini ya nusu mara kwa mara zinakufa mapema. Birika la umeme sahau: wati 2,000 ni taa 400 za wati 5.

Uvinza: Maji ya ziwa ni maangavu, si nanywa tu?
— Chemsha. Kuni zikiisha, jaza chupa angavu, ilaze juani kwa muda wa saa sita. Kukiwa na mawingu, siku mbili. Na usioge penye matete, kuna konokono wa kichocho.

Kasulu: Kwa hiyo mafua yakipona leo, kesho nipande boti?
— Kaa nyumbani wiki nzima kwanza. Na boti si ya kwako peke yako.