Namna ya Kuchagua Vifaa vya Sanaa kwa Watoto Wanaosomea Nyumbani Bagamoyo

Mzazi anayewafundisha watoto wake nyumbani hana stoo ya shule ya kuchotea vifaa, wala mwalimu wa sanaa wa kumwuliza, na ndiyo maana wengi huishia kununua boksi moja kubwa la rangi linalong'aa rafuni na kuamini kwamba mahitaji ya mwaka mzima yamekwisha. Boksi la namna hiyo mara nyingi lina rangi 24 au 36, vibrashi viwili vyenye manyoya ya plastiki, na kipande cha karatasi kisichofaa hata kufungia vitumbua. Ushauri wangu ni kuupindua mpangilio huo: fedha iende kwanza kwenye karatasi, kisha kwenye brashi, kisha kwenye rangi chache zilizo nzuri, na yaliyobaki yatafutwe hapa hapa Bagamoyo, mji ambao kwa mambo ya sanaa umejaliwa kuliko maduka yake.

Kabla ya kuingia dukani, andika masomo ya miezi mitatu ijayo. Mtaala wa elimu ya msingi ulioboreshwa mwaka 2023 na Taasisi ya Elimu Tanzania una somo la Sanaa na Michezo, na hata mzazi anayefuata mtaala wa nchi nyingine anaweza kuutazama ili aone mtoto wa rika fulani anatarajiwa kuweza nini. Kwa watoto wengi wa umri wa shule ya msingi, muhula unatoshwa na mambo manne, yaani kuchora kwa mstari, kupaka rangi, kupiga chapa, na kuunda vitu kwa mikono. Ukishajua kwamba mwezi wa kwanza ni wa kuchora tu, huna haja ya kugusa rangi za maji mwezi huo, na pesa iliyookolewa hununua karatasi nzito zaidi kwa mwezi unaofuata.

Karatasi ndiyo inayoamua kama mtoto atapenda kazi yake au ataitupa. Karatasi ya kawaida ya kunakilia, ile inayouzwa kwa rimu ya karatasi 500, ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba. Inafaa sana kwa penseli, krayoni na michoro ya majaribio, lakini ikiguswa na maji hujikunja, na rangi hukusanyika mabondeni. Kwa rangi za maji, karatasi ya gramu 200 ndiyo mwanzo mzuri, na ya gramu 300 hulala tuli bila kubandikwa ubaoni. Kama nzito hizo hazipatikani au bei inakataa, karatasi ya manila iliyokatwa vipande vinne hustahimili rangi za bango (zile za chupa ziitwazo poster colour) zilizokorogwa nzito, ingawa kwa rangi nyepesi ya maji hairidhishi. Dukani fanya jaribio hili kwa kipande utakachopewa na mwuzaji: lowesha kidole, sugua sehemu moja mara kumi, kisha tazama. Karatasi ikianza kutoa unyuzi kama pamba, brashi nayo itaufukua unyuzi huo huo na picha itachafuka. Ukubwa nao una maana yake. Mtoto wa miaka minne huchora kwa bega zima, wala si kwa vidole, na karatasi ya A4 humbana. Mpe A3, yaani milimita 297 kwa 420, au mtandikie sakafuni karatasi ya kahawia ya kufungia bidhaa.

Kwa penseli, huhitaji seti. Nunua HB kwa kuanzia mchoro, 2B kwa kazi nyingi, na 6B kwa vivuli. Kadiri namba inayofuatana na B inavyopanda ndivyo kiini kinavyokuwa laini na cheusi zaidi, na herufi H huelekea upande wa ugumu. Itazame penseli kwenye kitako chake: kiini kikiwa kimekaa pembeni badala ya katikati, kichongeo kitakula mti upande mmoja na ncha itavunjika kila siku.

Mkaa wa kuchorea unaweza kutengenezwa nyumbani, nami naona ni somo zima lenyewe. Mkaa wa jikoni haufai sana kwa sababu hutokana na miti migumu, hivyo hukwaruza karatasi. Kata vijiti vya mti laini vyenye unene wa penseli, vimenye maganda, vianike hadi vikauke kabisa, kisha vipange vimebanana ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko. Toboa tundu moja dogo kwa msumari, uliweke kopo katikati ya moto wa jiko, na utazame moshi unaotoka tunduni: mwanzoni ni mweupe na mzito kwa sababu ya maji, baadaye hupungua, na unapokoma kabisa vijiti vimekwisha kuwa mkaa. Hapo ndipo watu wengi huharibu. Kopo likifunguliwa lingali moto, hewa huingia na vijiti huwaka vikawa majivu. Liache lipoe lenyewe, ikibidi hadi kesho yake. Kazi ya moto ni ya mtu mzima, na ya mtoto ni kutazama moshi na kusema umefikia wapi.

Brashi tatu zinatosha: ya duara nyembamba, ya duara nene, na bapa yenye upana wa vidole viwili. Omba maji kidogo dukani, ichovye brashi ya duara, ikung'ute, uone kama manyoya yanarudi pamoja na kufanya ncha. Yakibaki yametawanyika, brashi hiyo haitawahi kuchora jani wala ukope. Vuta manyoya polepole. Yakitoka mawili matatu mkononi, mengine yatakuwa yakibaki ndani ya picha. Tikisa pia kikuta cha chuma kinachoshika manyoya, kwa kuwa kikicheza leo, wiki ijayo kitang'oka.

Tukija kwenye rangi, seti yenye rangi nyingi humnyima mtoto elimu iliyo muhimu kuliko zote, ambayo ni kuchanganya. Nunua nyekundu, manjano, buluu na nyeupe katika chupa kubwa, na nyeusi katika chupa ndogo, maana watoto hukimbilia nyeusi na kuiua picha. Kwa chupa hizo tano atapata kijani cha mnazi, kahawia ya dau lililopandishwa pwani, na zambarau ya jioni, na atakuwa amezipata kwa akili yake. Ukiweza kuongeza chupa ya sita, iwe nyekundu inayoelekea uwaridi, kwa sababu nyekundu inayoelekea chungwa ikichanganywa na buluu hutoa rangi ya matope badala ya zambarau. Rangi za bango ndizo zinazowafaa wanaoanza, kwani husafishika kwa maji na haziumizi bei. Rangi za maji za vidonge ni nzuri kuanzia miaka saba au minane hivi, na faida yake ni kwamba zikikauka huamshwa tena kwa tone la maji. Akriliki, yaani rangi yenye plastiki ndani yake, ni habari nyingine: ikikauka haitoki, iwe kwenye brashi, kanzu au mkeka, na kwa joto la pwani hukauka upesi kuliko mtoto anavyofikiri. Ningeiacha hadi mtoto azoee kuosha brashi bila kukumbushwa.

Hapa lazima nisimame kwenye jambo ambalo wazazi wa mwambao hulifanya kwa nia njema. Kwa kuwa tumezoea picha za Tingatinga, wapo wanaoona kwamba mtoto naye apewe rangi ya mafuta ya kopo, ile ya kupakia milango na baiskeli. Ni kweli kwamba Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi za aina hiyo juu ya mbao bapa, na wanaomfuata bado wanazitumia. Lakini wao ni watu wazima wenye kazi yao. Rangi hizo huhitaji tina au tapentaini, ambazo mvuke wake huumiza kichwa na mapafu ndani ya chumba, na baadhi ya rangi za mafuta, hasa za manjano, machungwa na nyekundu, huwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi mwilini kuwa salama, na mtoto huathirika zaidi ya mkubwa. Mtindo wa Tingatinga unafundishika vizuri kabisa kwa rangi ya bango: uwanda wa rangi moja, mnyama mkubwa katikati, mistari safi pembeni, na madoadoa yanayopigwa kwa kitako cha brashi.

Kwenye chupa na maboksi tafuta maandishi yanayosema bidhaa haina sumu, pamoja na alama ya kiwango, kama EN 71 ya Ulaya, ambayo inahusu usalama wa vitu vya kuchezea watoto, au alama ya AP ya Marekani, ambayo hutolewa kwa vifaa vya sanaa vilivyokaguliwa. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji wala orodha yoyote iache rafuni hata ikiwa nusu bei. Aliye chini ya miaka mitatu asipewe vitu vidogo anavyoweza kumeza, kama shanga na vifuniko vya kalamu. Krayoni nene tatu zinamtosha.

Sasa yale yasiyonunuliwa, au yanayonunuliwa kwa bei ya karanga. Vipande vya mbao hubaki chini kila siku kwenye karakana za wachongaji na kwa maseremala. Mtume mtoto mwenyewe akaombe, na aombe kwa adabu: "Shikamoo babu. Naomba vipande vidogo vya mbao, nataka kutengeneza chapa." Nimeona fundi akiitika marahaba, akainama kuchagua vilivyonyooka, akavipiga msasa kabla ya kumkabidhi mtoto, akamwonyesha na upande wa kuchonga. Kipande hicho hubandikwa umbo lililokatwa kwenye ndala iliyochakaa, hupakwa rangi nzito, na kupigwa kwenye kitambaa cheupe kwa kufuata mpangilio wa khanga, yaani pindo kuzunguka pande zote na mji katikati. Kwa kazi ya kusuka, nunua ukindu ambao haujatiwa rangi. Rangi za unga za kuchemshia ukindu hazikutengenezwa kwa ajili ya mikono ya watoto, na kama mnazitaka, mzazi achemshe peke yake na mtoto apokee ukindu uliokwisha kukauka. Manjano ya jikoni hutoa rangi nzuri ya kupaka, ingawa hupauka ikikaa juani. Chokaa usimpe, kwa kuwa huunguza ngozi na macho. Wala msiende kubandua magome ya mikoko kutafuta rangi, maana mikoko ni misitu iliyohifadhiwa kisheria. Gundi ya karatasi hupikwa kwa kijiko kimoja cha unga wa ngano na vijiko vitano vya maji, ikichemka huku ikikorogwa hadi iwe laini. Pika kidogo tu, kwa sababu kwa joto letu hulala siku moja ikaanza kunuka.

Vitabu vya picha ni vyema, lakini mtoto wa Bagamoyo ana vielelezo ambavyo wengine huviona vitabuni tu. Mji mkongwe una milango ya nakshi. Chukueni ubao mwepesi, karatasi ya A3, vibanio vya nguo na penseli ya 2B. Pigeni hodi kwanza na kuomba ruhusa ya kuuchora mlango, kisha mtoto aanze na mstatili mkubwa wa fremu, ateremshe mfaa, yaani mhimili wa kati kwenye mlango, katikati, na achague ua moja la nakshi alichore kubwa badala ya kuhangaika na mlango mzima. Asiweke karatasi juu ya nakshi na kuisugua kwa krayoni. Mti wa zamani hauvumilii kusuguliwa. Magofu ya Kaole, yapata kilometa tano kusini mwa mji, yanafaa kwa somo la kivuli, kwani jiwe la matumbawe lina vishimo vinavyodai mkaa na wala si penseli. Na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanzishwa kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, inafundisha pia sanaa za ufundi. Kumpeleka mtoto kwenye tamasha lake la kila mwaka akaone kazi za watu, au kumwomba mwanafunzi wa pale aje nyumbani saa mbili kwa wiki kwa malipo ya haki, kuna manufaa kuliko seti yoyote ya rangi.

Limebaki suala la kutunza, kwa sababu hewa ya bahari ni adui wa vifaa hivi vyote. Karatasi ilale bapa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, mbali na ukuta unaotoa unyevu, la sivyo itaota madoa ya ukungu wakati wa masika. Krayoni zikiachwa dirishani hulainika na kushikana. Mkasi ufutwe na kupakwa tone la mafuta kabla kutu haijaushika, brashi zioshwe kwa sabuni na kukaushwa zikiwa zimelala, kisha zisimamishwe manyoya yakiwa juu. Rangi usizitoe chupa zima mezani. Mimina kiasi cha kifuniko kwenye vifuu vya nazi, na kinachobaki jioni kisirudishwe chupani, kwa maana maji machafu ya brashi huiozesha chupa yote. Kila mwisho wa mwezi mtoto ahesabu kilichobaki na aandike mwenyewe orodha ya kununua, na ukienda Kariakoo uende na orodha hiyo, maana bila orodha utarudi na boksi lile lile la rangi 36.