Namna ya kuiokoa hazina ya klabu ya raga wakati wa janga

Siku mechi zinaposimamishwa, kazi ya kwanza ya mweka hazina ni kukaa chini na daftari na kuhesabu majuma. Mkopo na simu kwa wafadhili vitasubiri hadi kesho. Jumlisha fedha zote zilizoko mkononi, benki na kwenye simu, ondoa zile ambazo kwa haki ni za watu wengine, kisha gawanya kwa kiasi ambacho klabu hutumia kila juma hata kama hakuna anayegusa mpira. Jibu utakalopata ndilo idadi ya majuma ambayo klabu inaweza kuishi bila kupokea chochote, na uamuzi wowote utakaofuata utategemea jibu hilo.

Ninashika daftari la klabu ndogo ya raga hapa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wachezaji wetu hawaishi kwa mchezo huu. Tunawapa nauli na chakula, na wanaopokea mshahara kamili ni watatu tu, yaani kocha, mlinzi wa uwanja na mama anayefua jezi. Hata hivyo, serikali ilipotangaza hali ya dharura tarehe 24 Machi 2020, wiki mbili tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kuthibitishwa Kinshasa, tulikutana na maswali yaleyale yaliyozikabili klabu za kulipwa za Uingereza na Ufaransa. Tangu wakati huo nimezifuatilia klabu hizo kwa makini, kwa sababu zilifanya makosa makubwa kwa fedha nyingi, na sisi tunaweza kujifunza kutokana nayo bila kuyalipia. Mwezi wa Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura nyingine ya kimataifa, ya mpox, na kitovu chake kilikuwa nchi yetu. Kwa hiyo mwongozo huu hauzungumzii mambo yaliyokwisha.

Fedha iliyoko sandukuni si yote ya klabu

Nilisema uondoe fedha za watu wengine kabla ya kugawanya. Hapa ndipo wengi wetu hujidanganya. Mwanachama aliyelipa ada ya mwaka mzima mwezi wa Januari amenunua mechi na mazoezi ambayo bado hayajafanyika, na mpaka yafanyike, klabu inadaiwa naye. Ndivyo ilivyo pia kwa tiketi za msimu katika ligi kubwa. Mechi za Ulaya ziliposimama Machi 2020, klabu zilikuwa zimekwisha kuzitumia fedha za tiketi hizo kwa mishahara, na ikabidi ziwaombe mashabiki wasidai warudishiwe. Wengi walikubali kwa mapenzi, na mapenzi hayo yanastahili heshima, lakini usiyaandike kwenye hesabu kabla hujaomba na kupewa.

Njia iliyotufaa sisi ni kumwandikia kila mwanachama mapema, ndani ya siku kumi, na kumpa chaguo tatu zilizo wazi: arudishiwe sehemu ya ada yake, aihamishie msimu ujao, au aiache kama mchango. Aliyeulizwa kwa adabu huchagua kwa ukarimu kuliko aliyeachwa gizani. Baada ya majibu, nilipanga ukurasa wa daftari kwa safu tatu: kinachodaiwa, anayedai, na tarehe ya mwisho ya kulipa. Safu ya tatu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Klabu inaweza kuwa na deni kubwa na ikaendelea kuishi ikiwa tarehe yake iko mbali, na inaweza kufa kwa deni dogo linalotakiwa Ijumaa.

Jambo moja la kwetu haliwahusu Waingereza: andika kila deni kwa sarafu yake. Tulikuwa tukipokea michango kwa faranga na kulipa kodi ya uwanja kwa dola, na faranga iliposhuka katika mwaka ule wa 2020, deni lilikua bila mtu yeyote kukopa. Ikiwezekana, badilisha mapema sehemu ya michango inayotosha kodi ya miezi miwili.

Pochi mbili ndani ya mfuko mmoja

Kila mtu hukushauri uwe na chanzo cha pili cha mapato. Ushauri ni mzuri, lakini haujakamilika, na klabu ya Wasps ya Uingereza ndiyo mfano ninaoufikiria kila mara. Mwaka 2014 klabu hiyo ilihamia Coventry na kununua uwanja mkubwa wenye kumbi za maonyesho, hoteli na nafasi ya matamasha, na mwaka uliofuata ikauza hatifungani (yaani ikakopa kwa watu wengi kwa vyeti) za paundi milioni 35 ambazo zilipaswa kulipwa Mei 2022. Kwenye karatasi, klabu ilikuwa na mapato ya aina nyingi. Ugonjwa ulipofika, mechi, maonyesho, hoteli na matamasha vilifungwa kwa pamoja, kwa kuwa vyote vilihitaji kitu kimoja tu, watu kukusanyika. Wasps walicheza fainali ya ligi tarehe 24 Oktoba 2020 na kushindwa na Exeter kwa 19 kwa 13 mbele ya viti vitupu. Mei 2022 deni halikulipwa, na tarehe 17 Oktoba mwaka huohuo klabu iliwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi.

Basi unapokagua mapato yako, uliza kila moja swali hili: je, litaendelea kuingia ikiwa watu zaidi ya ishirini hawaruhusiwi kukutana? Kwetu, kantini ya michopo (nyama ya kuchoma) na vinywaji ilianguka siku ya kwanza. Ukumbi tuliokuwa tukiukodisha kwa harusi ulianguka siku hiyohiyo, ingawa katika taarifa zetu tulikuwa tukiuita kwa fahari tegemeo la pili. Kilichobaki ni michango midogo ya kila mwezi iliyotumwa kwa simu na wanachama wa zamani, baadhi yao wakiwa Kolwezi na Likasi. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini hakikukosa kuingia hata mwezi mmoja, na ndicho kilichomlipa mlinzi wa uwanja.

Zungumza na wachezaji kabla mshahara haujachelewa

Katika mishahara kuna maneno mawili ambayo hayapaswi kuchanganywa: kupunguza na kuahirisha. Ukipunguza mshahara kwa makubaliano, sehemu uliyoipunguza haipo tena. Ukiuahirisha, umemkopa mchezaji, naye anapaswa kuonekana katika safu ya wanaodai pamoja na tarehe yake. Klabu za ligi kuu ya Uingereza ziliomba wachezaji wapunguziwe asilimia 25 Machi 2020, na mwanzoni wengi walikubali kwa sababu waliamini kuwa ni jambo la muda. Ugomvi ulizuka majira ya joto, klabu zilipotaka kubadilisha mikataba kwa muda mrefu zaidi, na huko Leicester baadhi ya wachezaji waliondoka, akiwemo Manu Tuilagi aliyekwenda klabu ya Sale. Ninaamini kosa lilikuwa katika namna ya kuzungumza kuliko katika kiasi chenyewe: mtu aliyekubali shida ya miezi mitatu aliletewa karatasi ya miaka.

Kwa hiyo andika makubaliano yenye mwanzo, mwisho na sharti la kuyaangalia upya. Waite wachezaji, kwa simu ikiwa mikutano imekatazwa, na uwasomee ukurasa wa hazina jinsi ulivyo, pamoja na posho za viongozi. Komite ianze kujipunguzia yenyewe. Na usipunguze kwa kipimo kimoja kwa wote. Mama anayefua jezi akipoteza robo ya mshahara, watoto wake hukosa bukari, yaani ugali. Mchezaji mwenye kazi ya benki akipoteza nauli ya mazoezi yasiyokuwepo, hakuna alichopoteza. Sisi tulifuta nauli zote na kulinda mishahara ile mitatu.

Uingereza na Ufaransa zilikuwa na kinga ambayo sisi hatuna. Serikali ya Uingereza ililipa asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyepumzishwa, kwa kikomo cha paundi 2,500 kwa mwezi, na Ufaransa ilikuwa na mpango wake wa kazi nusu (saa hupunguzwa, na serikali hufidia sehemu ya mshahara) pamoja na mikopo yenye dhamana ya serikali. Ligi kuu ya Uingereza nayo ilishusha kikomo cha mishahara ya kikosi kutoka paundi milioni 6.4 hadi milioni 5 kuanzia msimu wa 2021-22, hatua ambayo kwa maoni yangu ilipaswa kuchukuliwa miaka mingi kabla, kwa kuwa karibu klabu zote zilikuwa zikipata hasara hata viwanja vilipojaa.

Mikopo na wafadhili

Novemba 2020 serikali ya Uingereza ilitangaza msaada wa paundi milioni 300 kwa michezo, na milioni 135 kati ya hizo zilikuwa za raga. Watu walishangilia, lakini sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Mkopo huingia sandukuni ukifanana na mapato, na mweka hazina aliyechoka hufurahi kuuona. Klabu ya Worcester ilinusurika wakati wa ugonjwa wenyewe, kisha ikaanguka Septemba 2022 ikidaiwa na serikali kodi ya mapato ya zaidi ya paundi milioni 6 pamoja na madeni mengine. London Irish ikafuata Juni 2023. Klabu hizi zilianguka viwanja vikiwa vimekwisha kufunguliwa. Ukikopa, andika siku hiyohiyo ni mapato gani, kutoka kwa nani na mwezi gani, yatakayolipa kila awamu. Usipoweza kujaza mstari huo, usikope, bali simamisha timu kwa msimu mmoja na ulinde uwanja na jina. Kusimama kwa hiari, bila madeni, ni bora mara nyingi kuliko kucheza mpaka wadai wafunge lango.

Kuhusu wafadhili, nitasimulia lililotupata. Mkataba wetu na mfadhili mmoja, ambaye sitamtaja, ulisema atalipa “kwa kila mechi ya nyumbani”. Mechi zilipokoma, malipo yalikoma, na hakuvunja neno lolote la karatasi ile ambayo mimi mwenyewe niliisahihisha. Nililala vibaya kwa siku nyingi. Sasa mikataba yetu huandikwa kwa mwezi, na hueleza huduma ambazo tunaweza kuzitoa hata lango likifungwa: jina la mfadhili kwenye ukuta wa nje, kwenye magari, kwenye barakoa, na wachezaji kupeleka maji na sabuni katika mitaa ya Katuba na Kenya hapa Lubumbashi kwa niaba yake. Pia kuna kifungu kinachosema wazi nini kitatokea serikali ikikataza mikusanyiko: malipo yatashuka hadi nusu, wala hayatafutwa.

Kisha tazama ni nani ambaye biashara yake haikusimama. Hapa Katanga migodi iliendelea kuchimba, hata kwa kuwazuia wafanyakazi wengi ndani ya maeneo ya kazi, na waliokuwa wakiipelekea chakula, usafiri na vifaa waliendelea kulipwa. Hao ndio wa kuendewa kwanza, na waombwe kitu kilicho rahisi kwao kutoa. Mtu anayesita kutoa dola mia atakupa lori kwa siku moja, au mafuta ya mashine ya kukata nyasi.

Lango linapofunguliwa

New Zealand ilirudisha raga mbele ya mashabiki tarehe 13 Juni 2020 huko Dunedin, na kesho yake watu wapatao 43,000 walijaa uwanja wa Eden Park, Auckland. Watu walikuwa na kiu ya mchezo. Kwetu pia mechi ya kwanza ilijaza watu kuliko kawaida, na hapo ndipo hatari ilipojificha, kwa sababu kila mtu alikuwa na ombi: jezi mpya, safari ya kwenda kucheza Kitwe, Zambia, posho ya nyuma. Kabla ya siku hiyo, komite iwe imetia sahihi mpangilio wa malipo. Wetu ulikuwa huu: kwanza muuguzi, maji na dawa za siku ya mechi; pili mshahara wowote ulioahirishwa; tatu deni lenye tarehe iliyo karibu zaidi; na kumi ya kila mia iingie katika akaunti ya akiba inayohitaji sahihi tatu, moja ikiwa ya mchezaji aliyechaguliwa na wenzake. Safari ya Kitwe ilisubiri hadi akiba ilipofikia majuma manane ya matumizi, hesabu ileile ya ukurasa wa kwanza, ambayo tangu wakati huo ninaisoma kwa sauti mbele ya wachezaji kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla hawajaanza kukimbia.