Kusimika mnara wa redio kando ya Ziwa Kivu bila kuharibu mazingira

Kabla ya kujenga mnara wa kupokea wito wa dharura wa maboti kati ya Goma na Bukavu, chagueni kilima kinacholiona ziwa waziwazi, kwa kuwa mawimbi ya VHF (aina ya mawimbi ya redio ya masafa ya juu sana) husafiri kwa mstari ulionyooka, na mnara mmoja uliowekwa vizuri huepusha kukata miti kwa ajili ya wa pili. Upande wa Bukavu, ambako miteremko huporomoka wakati wa mvua, chimbeni mitaro kwanza. Ndege ndio wanaosahauliwa zaidi: usiku hugonga nyaya zinazoushikilia mnara, hasa taa nyekundu za mnara zikiwaka mfululizo, kwa hiyo wekeni zinazowaka na kuzimika. Jenereta ya mazuti (dizeli) ikae ndani ya beseni la saruji, maana watu huteka maji ziwani humo humo.