Betri ya kandege kadogo isife mapema, fanyeni hivi

Wakuu wa Nyanda za Juu, hasa nyie mlio na kaCessna au mnakatunza kwa niaba ya mtu, betri nyingi haziuliwi angani jamani, zinauliwa hapo hapo chini zikiwa zimelala. Betri ya lead inayokaa na chaji pungufu inaota kitu cheupe kwenye sahani zake, kikishakomaa ndo basi, uchaji utakavyochaji haipokei.

Mwaka juzi mwezi wa saba nafika hanga Iringa asubuhi, baridi ile mnayoijua, nageuza stata propela inazunguka nusu inagoma. Nani aliacha masta swichi, ile ya umeme wote wa ndege, on toka Ijumaa? Mimi. Toka siku hiyo swichi ya taa nyekundu ya mkiani, ile inayowaka na kuzima, siizimi kamwe, nazima masta peke yake, kwahiyo nikisahau masta hiyo taa inanisuta nikiwa naondoka. Haina gharama hata mia.

Sasa mita. Ndege ikishalala usiku mzima pima volti, betri ya 12 iliyojaa inasoma kama 12.7 na ya 24 inasoma kama 25.4, ukiona 12.2 au 24.4 ujue imebaki nusu, hapo usiseme ntachaji wikiendi, chaji leo. Tumia chaja ya betri za ndege au inayojipunguza yenyewe ikijaa, ile ya gereji ya malori inayosukuma tu itakaanga betri. Na umeme wetu huu, ukikatika ukarudi sio kila chaja inaanza tena, pita uichungulie.

Safari fupi nazo zinadanganya sana. Asubuhi ya baridi oili nzito, stata imekula moto mwingi, halafu unataxi, yaani unatembea nayo ardhini, injini inazunguka polepole na taa zote umewasha, hapo alteneta, ile inayochaji betri, haina nguvu ya kurudisha kitu, unaruka dakika kumi na tano unatua unazima, kesho tena hivyo hivyo, wiki mbili betri iko hoi na unailaumu kampuni. Kabla ya kuondoka zima kila kisichohitajika, na stata ikigoma usiing'ang'anie, sekunde kumi achia ipoe kwanza. Ukiwa angani angalia volti, mfumo wa betri ya 12 uwe karibu na 14 na wa 24 karibu na 28, ikizidi sana regyuleta, kile kinachodhibiti volti za alteneta, inaipika betri, ikipungua haijazwi, na betri mpya haitakuponya hapo.

Betri za maji: ongeza maji ya betri baada ya kuchaji sio kabla, maana wakati wa kuchaji yanapanda yakamwagika nje, na usiongeze asidi wala maji ya bomba. Vaa miwani na glavu, sigara mbali, inatoa gesi inayolipuka. Kufungua anza na waya wa negativu, kufunga uwe wa mwisho. Zile zilizofungwa kabisa usizichokonoe.

Kuna kamchezo ka kubusti betri iliyokufa kabisa, yaani kuwasha injini kwa umeme wa nje, halafu mtu anaruka nayo. Msifanye bana. Alteneta ikikata juu ya Kipengere na mawingu yamefunga, hiyo betri ndo redio yako, na haina kitu. Itoe, ichajiwe taratibu chini mpaka ijae, ipimwe.

Na kuwasha injini sio kipimo, betri chovu inaweza ikawasha vizuri tu ila haikai na mzigo hata nusu saa. Kila mwaka fundi mwenye leseni aipime uwezo kwa kuimaliza chaji kwa muda uliowekwa, ikishuka chini ya kiwango cha kitabu chake, nyingi ni asilimia 80, itoke kwenye ndege. Yangu ya zamani sasa inawasha taa za banda la kuku huko Mafinga na kuku hawajalalamika.